Namna ya kusoma shairi huru na riwaya ngumu

Msomaji aliyelelewa na mashairi ya mapokeo, yenye mishororo ya mizani (silabi) 16 iliyokatwa nane kwa nane, akifungua diwani ya shairi huru, yaani lisilofungwa na vina wala mizani, huona kama ameingia katika nyumba isiyo na nguzo. Mwaka 1974, mwandishi Mtanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya shairi huru, «Kichomi», wapo waliokataa kabisa kuliita ushairi. Basi usianze kwa kuuliza maana. Soma kwanza kwa sauti, hata kama jirani wa Katuba, hapa Lubumbashi, atakusikia ng'ambo ya ukuta, ukitia alama ya penseli kila mahali mstari unapokulazimisha kutua.

Tuchukue mistari hii, ambayo nimeitunga kwa ajili ya mfano tu:

Shaba imelala
juu ya lori.
Baba
hajalala.

Ukiunganisha mistari miwili ya mwisho, unapata habari ya mtu aliyekosa usingizi. Ukitua baada ya «Baba», kama mstari unavyokutaka, unasikia kwamba madini yamepumzika kuliko binadamu. Sisi wa Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba huko Kongo, tutasema mara moja kwamba baba huyo ni mchimbaji, ilhali hakuna neno linalosema hivyo, na msomaji wa Mombasa huenda akamwona dereva. Kwa hiyo, usomapo mara ya pili, tenga kile kilichoandikwa na kile ulichokileta wewe mwenyewe kutoka nyumbani. Vyote viwili ni halali, ila visichanganywe.

Riwaya nayo inadai sikio. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1981, alichapisha kwa Kifaransa «Tram 83» mwaka 2014, na humo swali la kuulizia saa hukatiza mazungumzo tena na tena. Anayefuata kisa peke yake atachoka mapema. Lichukulie swali hilo kama kibwagizo cha wimbo: maneno ni yaleyale, lakini uzito wake hutegemea ubeti uliotangulia, kwa hiyo kila linaporudi, rejea sentensi iliyokatizwa. Majina ya wahusika yaandike kwenye kikaratasi.

Wapo pia waandishi wanaojificha gizani kwa sababu hawana la kusema. Mimi huwapa nafasi tatu, kisha kitabu humrudia mwenyewe, kwani vingi ninavyosoma ni vya kuazima.