Kadi ya Wi-Fi Inapogoma Katika Kompyuta ya Kuunda Mwenyewe

Kompyuta ya mezani iliyoundwa kwa vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja, kama tunavyoziunda wengi wetu hapa Kariakoo, haina mtengenezaji mmoja wa kuulizwa pale Wi-Fi inapogoma. Kwa hiyo, kabla ya kupakua draiva yoyote (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi), hakikisha kwanza kama ubao mama (motherboard) unaiona kadi, kwa sababu jibu hilo ndilo litakaloamua kama utashika bisibisi au kipanya.

Hatua ya kwanza: tafuta kadi kwenye orodha ya vifaa. Katika Windows, bofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha ufungue Device Manager. Katika Linux, andika amri ya lspci. Kadi ikionekana, hata kama ina alama ya njano na haina jina linaloeleweka, ruka hadi hatua ya tatu. Isipoonekana kabisa, endelea na hatua ya pili.

Hatua ya pili: fungua kasha. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe, kisha uguse chuma cha kasha kabla ya kugusa kipuri chochote. Chomoa kadi na uyatazame meno yake ya rangi ya dhahabu chini ya taa. Katika nyumba zilizo karibu na bahari, kuanzia Msasani hadi Kunduchi, hewa yenye chumvi na unyevu huacha utando hafifu wa kahawia au kijani, ambao unatosha kabisa kukata mawasiliano. Ufute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Wapo mafundi wanaosugua kwa kifutio cha penseli. Siwaungi mkono, kwani dhahabu hiyo ni nyembamba mno na kifutio huikwangua.

Irudishe kadi katika tundu jingine. Kadi ya PCIe x1, yaani ile fupi inayochomekwa kwenye tundu la ubao mama, inaingia na kufanya kazi hata katika tundu refu la x4 au x16. Niliwahi kuletewa kompyuta na kijana wa Sinza ambaye kadi yake ilitoweka siku ileile alipoongeza SSD (diski ya kuhifadhia data) ya M.2, aina ndogo bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, naye alikuwa ameshanunua kadi ya pili bila mafanikio. Kitabu cha ubao mama wake kilieleza wazi kwamba tundu lile la PCIe huzimwa pindi nafasi ya M.2 inapotumika. Nilihamisha kadi tundu moja juu, ikaonekana.

Kwa wanaonunua kadi ndogo za M.2, tazameni namba kwa makini. Intel AX200 na AX210 hufanya kazi katika ubao wa Intel na wa AMD, lakini AX201 na AX211 hutegemea sehemu iliyomo ndani ya mfumo wa Intel wenyewe, kwa hiyo ubao wa AMD hautaziona kamwe. Tofauti ya tarakimu moja tu humtia mtu hasara.

Hatua ya tatu: weka draiva sahihi. Jina lililo kwenye boksi mara nyingi ni la muuzaji tu, wakati draiva hufuata chipu. Katika sifa za kifaa, fungua utambulisho wa maunzi (Hardware Ids) na usome kinachofuata herufi VEN: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek na 14C3 ni MediaTek. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa ugawaji wa intaneti kwa USB, kisha upakue kutoka tovuti ya mtengenezaji wa chipu au wa ubao mama. Mtandao ukikatika baada ya kompyuta kulala, ondoa tiki inayoiruhusu Windows kuizima kadi ili kuokoa umeme.

Wi-Fi ikishika lakini Bluetooth haipo, kagua ule waya mwembamba unaotoka kwenye kadi kwenda kwenye pini za USB za ubao mama. Watu wengi huuacha ndani ya boksi.

Hatua ya nne: mawimbi dhaifu. Hakikisha antena zote mbili zimefungwa kwa skrubu zake, kwani bila antena kadi huona ruta iliyo chumba hichohicho tu. Kasha la chuma lililosukumwa chini ya meza, mgongo ukutani, huzizuia; tumia antena yenye waya na kitako, uiweke juu ya meza. Kama unatumia mawimbi ya 2.4 GHz, chomoa kwa muda flashi au diski ya USB 3.0 iliyo jirani na antena, kwa kuwa vifaa hivyo hutoa kelele katika masafa hayohayo. Kasi ikipanda papo hapo, hamishia diski hiyo kwenye tundu la mbele la kasha.