Kukagua dohani ya nyumbani kwa kamera ya waya

Hivi karibuni nilimsaidia mzee mmoja mstaafu wa Uzunguni, hapa Dodoma, ambaye jiko lake la kuni lilikuwa linarudisha moshi ndani badala ya kuutoa juu ya paa. Dohani yake ni ya matofali ya kuchoma, ina urefu wa mita sita hivi, na haikuwa imeguswa tangu aliponunua nyumba. Nchini Marekani kiwango cha usalama wa dohani kiitwacho NFPA 211 hutaka dohani ikaguliwe kila mwaka, na nyumba inapouzwa hutaka ukaguzi wa kina zaidi, ambao kwa kawaida hufanywa kwa kamera. Huku kwetu mnunuzi hutazama paa na hati ya kiwanja, akaridhika.

Vifaa. Nunua kamera ya waya inayochomekwa moja kwa moja kwenye simu, yenye waya wa mita 10 ulio mgumu kiasi. Kamera zinazotuma picha bila waya sizipendekezi hata kidogo, kwa sababu mara nyingi picha huganda pale tu unapofika mahali penye tatizo. Ijaribu ukiwa chini, kwani baadhi ya simu huhitaji uwashe kwanza ruhusa ya kupokea vifaa vya nje. Utahitaji pia tepu ya umeme ya rangi mbili, tochi ndogo, barakoa, miwani na ngazi imara.

Hatua ya kwanza. Usiwashe moto tangu siku iliyotangulia, kisha panda asubuhi kabla upepo wa kiangazi haujaanza kuyumbisha ngazi na waya.

Hatua ya pili. Gonga dohani kwa mpini wa nyundo, usubiri dakika chache na usikilize. Ukiona nyuki wakiingia na kutoka, acha kazi umwite mrina asali. Usijaribu kuwafukuza kwa kuwasha moto chini, kwa maana nta hushika moto kwa urahisi, nawe utakuwa juu ya paa pamoja nao.

Hatua ya tatu. Zungushia waya tepu kila baada ya nusu mita, na kila mita kamili uweke rangi tofauti. Kata duara la upana wa sentimita nane kutoka kwenye soli ya ndala kuukuu, ulitoboe katikati, kisha ulivishe nyuma ya kichwa cha kamera. Kamera nyingi za bei nafuu huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita tatu hadi kumi tu. Bila duara hilo kioo cha kamera kitaegemea ukuta wenye masizi na hutaona chochote.

Hatua ya nne: kushusha kamera na kuisoma picha. Shusha kutoka juu, kamwe usisukume kutoka chini, kwa sababu waya unaosukumwa hujikunja dohani inapopinda na unaweza kunasa kabisa. Anza kurekodi video kabla kamera haijaingia, na kila alama ya tepu inapopita mdomo wa dohani taja umbali kwa sauti: nusu mita, mita moja, mita moja na nusu. Bila sauti hiyo, ukirudi nyumbani utakuwa na video nzuri ya mahali usipopajua.

Ugumu mkubwa uko kwenye mwanga. Masizi humeza mwanga, na taa ndogo za kamera huishia karibu, hivyo kila kinachojitokeza ukutani hutupa kivuli cheusi kinachofanana na ufa. Katika kazi yangu ya kwanza, huko Kizota, niliona mstari mweusi mita tatu kutoka juu nikamshauri mwenye nyumba tubomoe lipu. Tulipoteza siku nzima na mita moja ya ukuta mzima, kumbe ulikuwa uzi wa buibui uliopakwa masizi. Tangu hapo sisemi neno "ufa" kabla ya kufanya mambo matatu. Kwanza, huzungusha waya taratibu: kivuli huhama pamoja na taa, lakini ufa hubaki mahali pake. Pili, hufunga tochi sentimita ishirini juu ya kamera na kupunguza taa za kamera yenyewe, kwani mwanga unaotoka karibu na kioo huyaangaza mavumbi yanayoelea na kuifanya picha iwe kama ukungu. Vumbi likizidi, nasubiri litulie. Tatu, mwenye nyumba huwasha nyasi mbichi kidogo chini huku nikifunika mdomo wa dohani kwa gunia lililoloweshwa, milango na madirisha yakiwa wazi na watu wengine wakiwa nje. Moshi ukipenya kwenye lipu usawa wa mstari ule, huo ni ufa wa kweli, na jiko lisitumike mpaka uzibwe, kwa sababu hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na huua watu usingizini.

Jambo moja zaidi: ukiivisha kamera kioo kidogo cha kujitazamia, ili ione pembeni, kulia huwa kushoto. Weka alama ya tepu kwenye upande wa waya unaoelekea mlango, la sivyo utaziba upande usio na kasoro.

Hatua ya tano. Masizi laini kama unga hufagiliwa kwa brashi. Magamba makavu yanahitaji brashi ya waya na subira. Yale meusi yanayong'aa kama lami, ambayo hutokana na kuni mbichi na moto hafifu, brashi haiyatoi, nayo ndiyo hulisha moto ndani ya dohani. Utando wowote unaozidi milimita tatu usafishwe kabla ya kupika tena.

Kwa yule mzee hatukukuta ufa. Mita nne na nusu kutoka juu tofali lilikuwa limechomoza, na juu yake ndege walikuwa wamejenga kiota kilichoziba zaidi ya nusu ya njia. Tulikitoa kwa ndoano, tukalikata tofali, na juu tukafunga wavu wa chuma wenye matundu mapana, kwa sababu matundu madogo huzibwa na masizi.