Betri ya boti haijai chaji: pima kabla ya kununua nyingine

Betri ikishindwa kuwasha injini, lawama huiangukia yenyewe kwanza. Inanunuliwa mpya, na baada ya wiki chache nayo imekufa. Mara nyingi kosa liko njiani, kati ya alteneta (kizalisha umeme kinachozungushwa na injini) na betri, ambako chumvi imekula viungio. Multimita (kipima volti na ampea) ya kawaida inatosha kulifichua.

Zima kila kitu, betri ikae saa chache, kisha gusisha pini za multimita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, si kwenye vibano vya waya. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 imeisha. Ikikwama karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa usiku kucha, seli moja imekufa, na hapo kweli dawa ni betri mpya. (Betri za lithiamu haziendi kwa vipimo hivi.)

Sasa washa injini, ongeza mwendo kidogo, upime palepale. Kati ya 13.8 na 14.5, chaji inafika. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti volti cha alteneta) imeharibika: zima injini kabla betri haijachemka.

Isipopanda, pima kwenye alteneta yenyewe, bolti ya kutolea umeme na bodi yake. Tuseme hapo inasoma 14.4 na kwenye betri 13.2: volti 1.2 zimepotea njiani. Washa taa na pampu ili mkondo mkubwa upite, maana bila mkondo waya mbovu husoma kama mzima. Weka pini moja kwenye bolti ya alteneta na nyingine kwenye kichwa chanya cha betri. Namba unayoiona ndiyo hasara yenyewe, na isizidi 0.3. Rudia upande hasi, kutoka bodi ya alteneta hadi kichwa hasi. Upande huu husahaulika sana, na 0.2 tayari ni nyingi. Ikizidi, sogeza pini kiungio kwa kiungio: fyuzi, swichi ya betri, vibano. Unapovuka kiungio na namba ikashuka ghafla, mwizi ni hicho. Menya waya kidogo. Shaba ikiwa nyeusi ndani, kata hadi ufikie inayong'aa au badilisha waya wote. Kigawa chaji cha dayodi, kinachogawa chaji kwa betri zaidi ya moja, hula kama volti 0.7 kwa asili yake, hata kikiwa kizima.

Alteneta yenyewe ikiwa haitoi kitu, tazama mkanda kwanza. Unga mweusi pembeni ni dalili ya kuteleza. Ukiubonyeza katikati kwa kidole uzame kama milimita 10. Halafu geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa ya chaji isipowaka, huenda balbu imeungua au waya mwembamba wa kuiamsha alteneta umekatika. Usijaribu alteneta kwa kuchomoa betri injini ikiunguruma. Dayodi zitaungua.

Chaji ikiwa sawa lakini asubuhi betri tupu, kuna kinachonyonya. Zima vyote, chomoa waya hasi, weka multimita kwenye ampea na uiunganishe katikati ya waya huo na betri, kisha toa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Usiwashe stata wakati huo. Swichi ya kuelea ya pampu ya ngama (ya kutoa maji chini ya boti) ikaguliwe mapema: ikinasa, pampu haizimiki.