Somo: Kuifanya simu iwe daftari lako la kifafa

Nina kifafa tangu darasa la sita. Kila kliniki daktari aliniuliza, "Tangu mara ya mwisho umeanguka mara ngapi?" Namtazama mama, mama ananitazama mimi. "Kama mara tatu hivi." Na dozi ikapangwa kwa hiyo "kama hivi". Siku hizi najibu kwa tarehe, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Chagua programu moja tu
Seizure Tracker na Epsy zimetengenezwa kwa ajili ya kifafa. Medisafe inakumbusha dawa. Kama Kiingereza chake kinakuchosha, kalenda na alamu zilizomo kwenye simu zinatosha, tena hazili bando. Mimi nilizunguka kote huko nikaishia kwenye kalenda.

Hatua ya 2: Weka alamu ya dawa
Hapa ndipo tunapoanguka wengi (samahani kwa neno). Simu haijui saa za Kiswahili. Dawa ya saa 1 asubuhi iwekee 7:00 AM, ya saa 1 usiku 7:00 PM. Mama aliwahi kuniwekea 1:00 AM, nyumba nzima ikaamka saa 7 usiku, na asubuhi alamu haikulia, dozi ikanipita. Usingizi umekatika, dawa sijameza: vyote viwili huchokoza kifafa.

Kama unatumia programu, ingia kwenye mipangilio ya betri uiruhusu ifanye kazi hata skrini ikizimwa. Simu nyingi huzizima kimyakimya ili kuokoa chaji.

Halafu bonyeza "nimemeza" ukishameza. Nilikuwa nabonyeza kwanza ili kelele ziishe, naenda jikoni kutafuta maji, nakuta chai, nasahau. Kwenye simu nilikuwa mgonjwa mtiifu kabisa.

Hatua ya 3: Aliyekuona ndiye aandike
Wewe ulikuwa hujitambui, utaandika nini? Mfundishe mtu mmoja au wawili wa nyumbani. Waandike saa ilipoanza, dakika ngapi, mkono au mguu upi ulianza kutikisika, kichwa kiligeukia wapi, kama ulijing'ata ulimi, na ulichukua muda gani kujitambua. Wewe uongeze baadaye: ulilala saa ngapi, na kama ulikosa dozi.

Video fupi humsaidia daktari kuliko maelezo yetu yote, lakini simu isitangulie. Kwanza vitu vigumu viondolewe, kichwa kiwekewe kitu laini, ulazwe ubavu, na kijiko kisiingie mdomoni. Mwingine ndiye arekodi. Saa ya simu itazamwe pia: ikipita dakika 5 bado unatikisika, ni hospitali mara moja.

Hatua ya 4: Taarifa za dharura
Jina la dawa, dozi na namba ya ndugu zisomeke bila kufungua simu.

Hatua ya 5: Siku ya kliniki
Usimpe daktari simu aanze kupekua, nje kuna foleni. Nakili kwenye karatasi: tarehe za kuanguka, dozi ulizokosa, jambo moja unalotaka kuuliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa watatu: Dada, mwanangu ana miaka 6. Haanguki, anaganda tu macho sekunde kama kumi, anaendelea kucheza. Mwalimu anasema ni mzubaifu. Hilo nalo naandika?
Jibu: Andika, mama, na urekodi. Kuna kifafa cha namna hiyo hasa, na huwapata watoto. Mwombe mwalimu apige kijistari kwenye daftari kila anapoona, wewe jioni uingize idadi kwenye simu. Mpeleke akapimwe.

Fundi baiskeli: Simu inaonyesha miezi 8 sijaanguka. Naweza kupumzika dawa?
Jibu: Hapana, kaka. Hiyo miezi 8 imeletwa na dawa. Kwa kawaida madaktari hufikiria kuacha baada ya angalau miaka 2 bila kuanguka, tena kwa kupunguza kidogokidogo. Ukikata ghafla unaweza kuanguka mfululizo bila kukoma.

Fundi baiskeli: Na hizi saa za mkononi zinazopiga simu ukianguka?
Jibu: Zipo. Embrace, ya kampuni ya Empatica, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Zinanasa mtikisiko wa mwili mzima, kule kuganda macho hazikuoni. Zinahitaji simu iwe karibu na mtandao uwepo, na wakati mwingine kupiga mswaki tu kunatosha kuita ndugu zako wote. Mimi fedha hiyo ningenunulia dawa za miezi kadhaa.

Binti wa Tanga: Nahisi naanguka zaidi nikikaribia siku zangu.
Jibu: Tia alama siku hizo kwenye kalenda hiyohiyo kwa miezi mitatu, umwonyeshe daktari, maana hutokea kweli. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mtajie: dawa ya kifafa kama carbamazepine huvipunguzia nguvu. Ukipanga kubeba mimba umwambie kabla, hasa kama dawa yako ni valproate, lakini usiiache mwenyewe.

Binti wa Tanga: Ndiyo hiyo ninayomeza. Naenda kliniki Jumatatu.