Kadi ya maegesho ya ulemavu Texas: angalia saini ya daktari

Kwa walioko Texas: fomu ni VTR-214, na hupelekwa ofisi ya kodi ya kaunti yako. Wengi hurudishwa dirishani kwa sababu ya saini ya daktari. Kwa ombi la kwanza, saini hiyo lazima ishuhudiwe na notari, na zahanati nyingi hazina notari. Njia nyepesi: mwombe daktari cheti halisi, kama kile cha dawa, chenye saini yake, ukiambatishe kwenye fomu. Nakala kivuli ya cheti hicho haipokelewi.

Hakikisha pia ameweka alama panapoandikwa ulemavu wa kudumu au wa muda. Kadi ya bluu, ya kudumu, ni bure na hudumu miaka 4. Nyekundu, ya muda, ni dola 5, haizidi miezi 6. Ukihuisha ya bluu, daktari hahitajiki tena; unapeleka nakala ya fomu ya kwanza, kwa hiyo itunze.

Pleti namba ya ulemavu hubaki na gari lake. Anayepanda magari ya ndugu achukue kadi. Na ile michirizi ya mshazari kando ya maegesho ni njia ya kiti cha magurudumu. Hata mwenye kadi haegeshi hapo.