Gari la karo: ukodi au ununue? Namna ya kuamua kabla hujatoa pesa

Wengi wanotaka kuingia kwenye biashara ya kuvuta karo, yaani kunyonya mashimo ya maji ya choo kwa gari la tangi na pampu, hapa Zanzibar suali lao la kwanza ni gari bei gani, mie naona hapo wanaanza sipo. Anza na siku. Kwa mwezi gari litafanya kazi siku ngapi za kweli, si za kutarajia? Hilo ndo linaloamua kukodi au kununua, mengine yote yanafata.

Hebu tupige hesabu ya mfano tu, bei weka za kwako. Tuseme gari mpaka lishuke bandarini na kodi zake ni milioni 60 na unataka lirudishe pesa yake kwa miaka 5, hapo ni milioni 1 kila mwezi, ongeza dereva na utingo, bima, tairi, spea, oili ya pampu, tuseme milioni 1 na laki 2. Jumla milioni 2 na laki 2 kwa mwezi, gari likitembea au likilala. Sasa kama kukodi pamoja na dereva ni laki 2 kwa siku, gawanya, unapata siku 11. Chini ya siku 11 kodi, ukizipita mwezi baada ya mwezi ndo ufikirie kununua. Dizeli na ada ya kumwaga usizitie kwenye hesabu hii maana utalipa kote kote.

Na usihesabu mwezi mmoja ukaridhika. Masika, Machi mpaka Mei, maji ya chini yanapanda, karo za majumbani zinajaa mbio na simu hazikatiki, lakini miezi hiyo hiyo hoteli nyingi za Nungwi na Paje zimepoa na nyengine zinafunga kabisa. Hoteli zinachangamka kuanzia Julai na tena Disemba. Kwa hivyo mwenye wateja wa mitaani peke yao na mwenye hoteli peke yake wote wawili gari litawalalia, anofaa kununua ni yule mwenye pande zote mbili, na hoteli ziwe na mkataba wa maandishi.

Halafu masafa. Kabla ya chochote nenda manispaa au halmashauri yako na ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, uulize kibali na wapi maji ya karo yanapokelewa, kisha pima njia kutoka kwa wateja wako mpaka huko, maana mteja wa Nungwi anaweza kukulia nusu siku kwa tripu moja. Kumwaga porini au pwani hapana jamani! Visiwa vyetu sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe, uchafu unapenya mbio mpaka kwenye maji ya visima tunayokunywa wenyewe, na kipindupindu cha 2015 na 2016 hatujakisahau.

Ukikodi, andikishaneni. Siku inaanza saa ngapi, pampu ikifa njiani nani analipa, gari likikamatwa kwa kumwaga pasiporuhusiwa jukumu ni la nani. Mipira ya kuvutia karo nunua yako mwenyewe hata kama gari si lako, kwa sababu vichochoro vya Ng'ambo na Mji Mkongwe gari haliingii, na mwenye mipira mirefu ndo anopata kazi ambazo wenzake wanazikimbia. Glavu na mabuti pia, na mtu asiingie ndani ya karo hata kidogo, hewa ya mule inaua, na anomfata kumuokoa hufa naye.

Ukinunua, usiangalie injini tu, nenda kwenye pampu. Funga valvu zote za kuvutia na kumwagia, washa, angalia geji ya vakyumu (nguvu ya kufyonza) inapanda mpaka wapi, kisha zima pampu uone kama inashika au inashuka, ikishuka mbio kuna pahala panavuja. Pampu ya vakyumu hata ikiwa nzima kabisa haivuti kupita kama mita 7 au 8 kwenda juu, muuzaji akikwambia mita 15 muache. Gonga tangi chini kwa nyundo ndogo, kutu ya hewa ya chumvi na maji ya karo inakula kuanzia hapo. Na ukubwa, lita 1,000 ni kama tani moja, kwa hivyo tangi la lita 10,000 linataka gari la kubeba tani 10 na zaidi, ukilifunga juu ya Fuso ndogo utavunja springi kila siku.

Pesa kama huna zote na hutaki riba, ulizia benki zenye huduma za Kiislamu kama PBZ Ikhlas kuhusu murabaha, benki inanunua gari inakuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, au ijara, unalipa kodi mpaka mwisho gari linakuwa lako, ambayo kwa mtu aliye katikati ya kukodi na kununua naiona nzuri sana.

Walioko Pemba hesabu yao ni nyengine kidogo, kwani gari la kukodi likitoka Unguja unalipa meli kwenda na kurudi na siku za kusubiri. Kule ni bora kukusanya kazi za Chake, Wete na Mkoani zifanywe kwa safari moja, na zikizidi, wawili watatu mnunue kwa ubia, hisa za kila mmoja na zamu za gari ziandikwe kabla halijapanda meli.