Ukaazi wa Dubai kwa kumiliki nyumba: anza na makaratasi yako ya Mtwara

Wanaokuja barazani kwangu hapa Shangani kuulizia nyumba ya Dubai huanza na bei. Mimi huwaambia wanionyeshe vyeti vyao kwanza. Nyumba kule ukiwa na pesa unainunua kwa siku chache. Ukaazi niliuhangaikia miezi saba, na karibu yote iliishia kati ya Mtwara na Dar es Salaam.

Hata hivyo bei nayo uijue. Nilipoomba mwaka 2023, mwenye nyumba ya dirham 750,000 alipata ukaazi wa miaka 2. Ukifika dirham milioni 2 unaingia kwenye ukaazi wa dhahabu, wa miaka 10. Dola moja ni dirham 3.67 miaka nenda rudi, kwa hiyo 750,000 ni kama dola 204,000. Kinachotazamwa ni thamani iliyoandikwa kwenye hati ya umiliki, siyo anayokutajia dalali. Juu yake weka asilimia 4 ya Idara ya Ardhi ya Dubai na asilimia 2 ya dalali. Kwangu hizo zilikuwa dirham 45,000 ambazo sikuzipigia hesabu, ikabidi niuze lori. Na kila mwaka kuna ada ya jengo, ya lifti, ulinzi na usafi, uwe umelala humo au hukulala.

Ukisikia za kupata ukaazi wa Ureno na Hispania kwa kununua nyumba, ujue habari hizo zimepitwa. Ureno iliondoa nyumba kwenye mpango wake Oktoba 2023, Hispania ikafunga kabisa Aprili 2025. Ugiriki bado, ila kwa Athens sasa ni yuro 800,000.

Sasa vyeti, vinavyotakiwa ukimwombea ukaazi mke au mtoto. Chetu cha ndoa kilikuwa ndani ya kopo la biskuti, chini ya kanga za marehemu mama, kimekunjwa mara nne tangu 1994. Mkunjo ulipita juu ya jina la mke wangu, wino ukang'oka, zikabaki "Fat" upande huu na "ma" upande ule. Kwenye pasipoti ni Fatuma, kwenye kitambulisho cha NIDA ni Fatma. Cheti cha kuzaliwa cha binti yetu kimeniandika Musa, na pasipoti yangu inasema Mussa. Sisi huku hilo ni jina moja. Kule ni watu wawili, na mtu wa pili hana ukaazi.

Kwa hiyo fanya pasipoti iwe kiongozi, karatasi nyingine zote ziifuate. Tofauti ya herufi inamalizwa kwa kiapo mbele ya wakili. Jina likiwa jingine kabisa, andikisha hati ya kubadili jina na uisajili. Cheti cha kuzaliwa na cha ndoa viwe vya RITA, maana kile ulichopewa msikitini peke yake hakifiki mbali. Kisha tafsiri, muhuri wa Wizara yetu ya Mambo ya Nje, muhuri wa ubalozi wa Falme za Kiarabu pale Dar es Salaam, na mwisho wizara yao ya mambo ya nje kule. Usiruke hata mmoja, kwa sababu kila muhuri unautafuta ule uliotangulia. Kama unakwenda peke yako, bila mke wala mtoto, mengi ya haya yanakupungukia.

Pesa nayo itaulizwa imetoka wapi. Ya korosho haikunisumbua: tunauza kupitia chama cha msingi kwa stakabadhi ghalani, malipo yanaingia benki, na taarifa ya akaunti inajieleza. Kilichonitesa ni kiwanja nilichouza 2019. Mkataba uliandikwa kwenye karatasi ya daftari ukagongwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Benki ya kule haikuupokea. Nikamtafuta mnunuzi hadi Masasi, tukaandikishana upya kwa wakili, nikalipa kodi ya mauzo TRA. Kama umeuza ardhi, lifanye hilo leo, mnunuzi angali hai na mnaongea vizuri.

Kabla hujatia saini, uliza benki yako utaratibu wa kupeleka mtaji nje. Kulipia bidhaa na kununua nyumba ng'ambo ni mambo mawili mbele ya Benki Kuu. Tawi lao lipo hapa hapa Mtwara, niliingia nikauliza mwenyewe.

Kwa ukaazi wangu huu nyumba ilitakiwa iwe imekwisha na hati imetoka. Ukinunua inayojengwa, sheria ya Dubai ya 2007 inataka pesa za wanunuzi ziwekwe kwenye akaunti maalumu ya mradi. Dalali mmoja alinipa namba ya akaunti yenye jina lake, eti nitume ya kushikia nyumba. Nilipomwomba namba ya akaunti ya mradi, hakupiga simu tena.

Kule unapeleka pasipoti, hati, bima ya afya na cheti cha polisi. Wanatoa damu, wanapiga picha ya kifua, wanachukua alama za vidole. Hapo nilikwama. Nimebangua korosho tangu utoto, na utomvu wa ganda umeniunguza ncha za vidole hadi zikawa laini kama kioo. Mashine ilikataa mara nne. Binti wa pale alinipangusa kidole kimoja kimoja kwa kitambaa chenye maji, akakibonyeza taratibu, kikasoma. Ukiwa mbanguaji, wiki nzima kabla ya safari usiguse korosho, na upake vidole mafuta ya nazi kila usiku.

Ukaazi huu siyo kibali cha kazi wala uraia. Pasipoti yako ya Tanzania inabaki ilivyo. Ukiuza nyumba, ukaazi unakwenda nayo.

Na wa miaka 2 hautaki ukae nje ya nchi yao zaidi ya miezi sita mfululizo. Mimi nimeufungamanisha na mikorosho. Minada ikiisha, Februari naenda, nakaa na wajukuu hadi Aprili. Narudi niwahi kupulizia salfa. Agosti nakwenda siku nne tu, naingia na kutoka, na Oktoba minada ikifunguliwa niko ghalani.